Mhariri Aliyeingia Bungeni: Nafsi, Sahihi na Lugha katika Tawasifu ya Benjamin William Mkapa

Ikisiri

Tawasifu ya Benjamin William Mkapa, My Life, My Purpose, imezoeleka kusomwa kama maelezo ya Rais wa Awamu ya Tatu wa Tanzania kuhusu sera zake. Makala haya yanaihakiki kama kitabu cha mhariri wa gazeti aliyegeuka mtunga sheria. Yanadai kwamba desturi ya tahariri isiyo na sahihi ndiyo iliyolea lugha ya kisiasa ya Mkapa, kwa ubora wake na kwa ukimya wake, na kwamba uamuzi wa kuandika maisha hayo kwa Kiingereza una uzito mkubwa kuliko ulivyochukuliwa na wahakiki.

Utangulizi

Kitabu kilitolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2019, miaka 14 baada ya mwandishi wake kuondoka Ikulu na miezi michache kabla ya kifo chake cha Julai 24, 2020. Wasomaji wengi walikwenda moja kwa moja kwenye urais: ubinafsishaji, msamaha wa madeni, vyama vingi, Zanzibar. Hilo linaeleweka. Kiongozi anapozungumza baada ya kung'atuka, umma hutaka kusikia kilichotokea nyuma ya pazia. Hata hivyo hesabu ya miaka inaonyesha jambo lingine. Mkapa alishika uhariri wa Uhuru na The Nationalist mwaka 1966, akawa Mhariri Mtendaji wa Daily News mwaka 1972, akawa Mwandishi wa Habari wa Rais mwaka 1974, kisha Mkurugenzi mwasisi wa Shirika la Habari Tanzania (SHIHATA) mwaka 1976. Ni miaka 10 kamili katika habari, sawa na miaka 10 ya urais, 1995 hadi 2005. Muongo wa kwanza ulimfundisha kuandika, na wa pili ulitawaliwa na mtu ambaye tayari alikuwa na namna yake ya kuandika. Kuusoma muongo wa pili bila wa kwanza ni kama kusoma nakala iliyochapwa bila kuuliza nani aliihariri.

Neno mhariri lenyewe linastahili kutazamwa kabla ya mtu. Mhariri, tahariri na uhuru ni maneno yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, ule wa konsonanti h-r-r. Katika lugha hiyo kitenzi kilekile kinabeba maana ya kumweka mtu huru na ya kuandika au kusanifu matini. Kwa hiyo cheo cha Mhariri wa Uhuru kilitaja mzizi huo mara mbili bila wengi kutambua. Etimolojia haithibitishi lolote kuhusu siasa, na wanaisimu wanajua jinsi inavyoweza kupotosha. Lakini hapa inasaidia kuuliza swali ambalo tawasifu hii inalipita haraka: katika gazeti la chama tawala, mhariri alikuwa huru kwa nani, na kwa kiasi gani?

Chumba cha habari

Uhuru lilianza mwaka 1961 kama gazeti la TANU kwa Kiswahili, na The Nationalist likafuata mwaka 1964 kwa Kiingereza. Kijana aliyemaliza shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, akapita Chuo Kikuu cha Columbia na utumishi wa serikali, alijikuta akisimamia magazeti mawili yenye mmiliki mmoja na hadhira mbili. Nafasi hiyo ilikuwa na elimu yake. Mhariri wa aina hiyo hujifunza kwamba sera ileile husemwa kwa njia moja kwa mkulima wa Masasi na kwa njia nyingine kwa balozi aliyeko Upanga. Tofauti haiishii kwenye msamiati. Ipo pia katika kinachoelezwa kwa kirefu, kinachodhaniwa kujulikana, na kinachoachwa.

Wakati huohuo, mtaa wa pili wa uandishi jijini Dar es Salaam ulikuwa na mhariri mwingine ambaye naye angekuja kuishi bungeni. Februari 5, 1970 serikali ililitaifisha gazeti la The Standard. Mwalimu Nyerere akawa Mhariri Mkuu kwa jina, na Frene Ginwala, mkimbizi wa kisiasa kutoka Afrika Kusini, akawa Mhariri Mtendaji. Mwongozo uliotolewa siku hiyo ulilitaka gazeti litumikie ujamaa, na wakati huohuo uliliahidi nafasi ya kukosoa. Ahadi hiyo ilipimwa mwaka uliofuata. Baada ya tahariri kali dhidi ya Jaafar Nimeiri wa Sudan na kunyongwa kwa wakomunisti nchini mwake, Ginwala aliondolewa. Mwaka 1972 The Standard na The Nationalist yakaunganishwa kuwa Daily News, na uongozi ukaenda kwa Mkapa.

Tahariri haina sahihi. Hiyo ndiyo kanuni yake ya kwanza: husemwa na gazeti, wala si na mtu. Kisa cha 1971 kilionyesha mpaka wa kanuni hiyo. Sifa ya tahariri ilikuwa ya gazeti, adhabu yake ilikuwa ya mtu. Aliyekalia kiti baada ya Ginwala hakuhitaji kuelezwa zaidi. Hapa wahakiki wengine wangependa kuandika hadithi ya mhariri jasiri na mhariri mtiifu, lakini ushahidi hauruhusu wepesi huo. Ginwala alikuwa mgeni aliyekuwa na harakati ya nchi yake ya kurudia. Mkapa alikuwa mwanachama wa chama kilichomiliki karatasi na wino. Mmoja alikuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini kuanzia 1994 hadi 2004, mwingine Rais katika karibu miaka hiyohiyo. Ni vigumu kutaja chumba kingine cha habari katika ukanda huu kilicholea watunga sheria wawili wa uzito huo. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekifanyia utafiti wa kutosha kama shule ya lugha ya kisiasa.

Kutoka tahariri hadi muswada

Mkapa aliingia Bungeni kwa njia ya uwaziri, alipoteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1977. Mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Nanyumbu, akalishika jimbo hilo hadi 1995. Bunge la miaka hiyo ya chama kimoja lilikuwa chini ya chama kikatiba. Mgombea alipitishwa na chama, kura ikapigwa kati ya jembe na nyumba, na muswada ukafika mezani ukiwa umekwisha kukubaliwa kwingine. Mtunga sheria katika mazingira hayo hakuwa mbali sana na mhariri wa gazeti la chama. Wote wawili walipokea matini iliyoandikwa na mkono mwingine, wakaisahihisha pembeni, wakaitetea mbele ya umma kana kwamba ni yao. Tofauti ni kwamba sheria hudumu kuliko gazeti la jana.

Kulikuwa na jambo la ziada ambalo watafiti wa Kiswahili walilijua na watunga sera wakalivumilia kwa miongo mingi. Mjadala wa Bunge ulifanyika kwa Kiswahili, lakini miswada na sheria ziliandikwa kwa Kiingereza. Mbunge alizungumza katika lugha moja juu ya matini iliyokuwa katika lugha nyingine, na kumbukumbu rasmi zikahifadhi mazungumzo bila kugusa maneno ambayo mahakama zingeyatumia. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Kwa mhariri aliyeongoza Uhuru na The Nationalist kwa pamoja, mgawanyo huo haukuwa mgeni. Inawezekana hata aliuona kuwa wa kawaida, na ukawaida huo ni sehemu ya tatizo linalojadiliwa hapa.

Sheria moja inamgusa kuliko zote. Sheria ya Magazeti Na. 3 ya mwaka 1976 ilimpa Waziri mwenye dhamana ya habari uwezo wa kulifungia gazeti kwa kigezo cha maslahi ya umma, kigezo ambacho mwenye mamlaka ndiye aliyekitafsiri. Mkapa aliishika wizara ya habari mara mbili, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyopendekeza kurejeshwa kwa vyama vingi, iliitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Kisha mhariri wa zamani akawa Rais kwa miaka 10. Sheria ikabaki. Iliondoka tu ilipopitishwa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo nayo ililalamikiwa na wanahabari.

Ukimya huu hauwezi kuelezwa kwa kutokujua. Hakuna Rais wa Tanzania aliyejua kazi ya gazeti kwa undani kumshinda. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ushahidi ni kwamba alilelewa katika dhana ya gazeti kama chombo cha kujenga taifa, na katika dhana hiyo kufungiwa kwa gazeti ni uhariri wa ngazi ya juu zaidi: mkono mkubwa unaofuta ukurasa mzima badala ya aya. Ukali wake kwa waandishi wa nyumbani, uliojulikana vizuri wakati wa urais wake, ulikuwa ukali wa mhariri anayerudisha makala kwa mwandishi mvivu. Ulikuwa na haki yake, kwa kuwa waandishi wengi kweli walifika bila kusoma. Lakini Rais hana dawati la uhariri, na mwandishi wa gazeti huru si mwajiriwa wake.

Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi, mmoja wa waasisi wa gazeti la Rai na mtu aliyewahi kuwa mbunge, hakuwa raia wa Tanzania. Kesi hiyo ilihusu watu wengine pia, na ilikuwa na vifungu vyake vya kisheria. Kwa msomaji wa tawasifu hii, hata hivyo, inabaki kuwa mahali ambapo maisha mawili ya aina moja yalikutana: mhariri aliyepita bungeni akafika Ikulu, na mhariri aliyepita bungeni akaulizwa kama nchi ni yake.

Nafsi ya wingi

Hotuba za kila mwisho wa mwezi, ambazo Mkapa alizitoa kwa taifa kwa Kiswahili chini ya kaulimbiu ya Uwazi na Ukweli na ambazo zilikusanywa na kuchapishwa vitabuni, ndizo kazi yake kubwa ya lugha. Ni tahariri zilizopata sahihi. Zina muundo wa tahariri: jambo moja, takwimu zake, pingamizi linalotarajiwa, jibu, mwito. Zinaanza na Ndugu Wananchi na kurudi kwa maneno hayo kila hoja inapogeuka, kama mtu anayeweka aya kwa mdomo. Msikilizaji aliyekuwa na redio tu alipewa maelezo ya mfumuko wa bei, kodi na deni la nje bila kudharauliwa. Katika Afrika Mashariki ya wakati huo si wakuu wengi wa nchi waliojisumbua kufanya hivyo kwa lugha ya watu wao, mwezi baada ya mwezi.

Hata hivyo ni katika lugha hiyo hiyo kwamba udhaifu wa tahariri unaonekana. Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, tu-, hakibainishi kama anayesikiliza yumo au hayumo. Tumeamua huweza kuwa serikali peke yake. Tumefunga mkanda huweza kuwa taifa zima. Tahariri huishi kwa utata huo, kwa sababu gazeti likisema sisi humvuta msomaji ndani kabla hajakubali. Katika sera ya uchumi utata unakuwa na gharama. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997, na NBC iliyobaki ikauzwa kwa Absa ya Afrika Kusini mwaka 2000. Aliyesikia tumeuza alikuwa na haki ya kuuliza ni sisi yupi aliyeuza, na ni sisi yupi aliyekuwa na mali.

Umma ulijibu kwa njia ya lugha pia. Neno ubinafsishaji lilijengwa kihalali kutoka binafsi, na wanaistilahi hawana la kulaumiwa. Bahati mbaya ni kwamba jirani yake wa karibu katika kamusi ni ubinafsi, yaani choyo, na masikio ya watu hayakuona ugumu wa kuyaunganisha. Mitaani likazaliwa neno ukapa, kwa maana ya kuishiwa fedha. Jina la Rais liligeuzwa kuwa nomino dhahania kwa kiambishi u-, katika ngeli ileile ya ujamaa na uhuru. Washauri wa sera wanaoamini kwamba istilahi ni kazi ya kumalizia baada ya sera kuandikwa wangefaa kukaa na mfano huu kwa muda.

Mimi kwa Kiingereza

Tawasifu hudai kitu ambacho tahariri haikidai kamwe: mimi. Katika sehemu nyingi za My Life, My Purpose mimi huyo huja kwa shida. Sura za utoto wa Lupaso na za shule zina uhai. Mwandishi hana cha kutetea, na anaona vitu. Anapofika kwenye sera, sauti ya tahariri inarudi, hoja zinapangwa, na mtu anajificha nyuma ya serikali. Anakubali kwamba ubinafsishaji ulikuwa na dosari za usimamizi, lakini kwa namna ya mhariri anayechapisha sahihisho: kosa linatajwa, mkosaji hatajwi.

Kuna mahali pamoja ambapo mambo yanabadilika. Januari 26 na 27, 2001 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF Pemba na Unguja. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Human Rights Watch ilitaja visivyopungua 35. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, pwani ya Kenya, na kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa imewatoa. Mkapa anayataja matukio hayo kuwa majuto ya urais wake. Ni kurasa chache, na ndizo zenye thamani ya juu katika kitabu, kwa kuwa tahariri inanyamaza na mtu anazungumza.

Lakini anazungumza kwa Kiingereza. Waliokimbilia Shimoni walikuwa wasemaji wa Kiswahili waliopokewa na wasemaji wa Kiswahili. Askari walipewa amri kwa Kiswahili. Hotuba zilizohalalisha hatua za dola zilisikika kwa Kiswahili. Majuto yakaandikwa katika lugha ambayo wengi wa waliofiwa hawaisomi. Tafsiri inaweza kuwafikishia maudhui, na ni jambo jema kila inapofanyika. Haiwezi kuwapa uchaguzi wa mwandishi kati ya nilikosa, tulikosa na makosa yalifanyika. Kiswahili kinatofautisha waziwazi mambo hayo matatu, na katika tafsiri mwenye kuchagua ni mfasiri.

Inaweza kujibiwa kwamba kitabu cha aina hii hulenga hadhira ya kimataifa, na kwamba soko la tawasifu kwa Kiswahili ni dogo. Jibu la kwanza lina nguvu kiasi. Mkapa alikuwa ameshiriki usuluhishi wa Kenya baada ya uchaguzi wa 2007 na wa Burundi kuanzia 2016, na uzoefu huo unastahili kusomwa nje ya mipaka ya Tanzania, ingawa Kenya na Burundi nazo zina Kiswahili. Jibu la pili lilidhoofishwa mapema. Mwaka 2021 Ali Hassan Mwinyi, aliyemtangulia Ikulu, alitoa tawasifu yake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kwa Kiswahili, kupitia mchapishaji yuleyule. Mwinyi alikuwa mwalimu, hakuwahi kuwa mhariri. Labda ndiyo sababu hakuona haja ya hadhira mbili.

Mgawanyo huo haukuwa wa Mkapa peke yake. Novemba 30, 1999 alitia sahihi Arusha, pamoja na Daniel arap Moi na Yoweri Museveni, Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ibara ya 137 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikapewa kazi ya kuendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Ni mpango wa chumba cha habari cha 1966: kumbukumbu kwa Kiingereza, mazungumzo kwa Kiswahili. Uamuzi wa wakuu wa nchi wa Februari 2021 wa kukipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya Jumuiya umegusa jina la mpango huo. Utaratibu wake haujaguswa sana. Mshauri anayeandaa waraka kwa Kiingereza na kuuombea muhtasari wa Kiswahili siku ya mwisho bado anafanya kazi ya The Nationalist na Uhuru, bila hata mhariri mmoja anayezijua lugha zote mbili kwa kiwango alichozijua Mkapa.

Kazi inayowangoja watafiti ni ya maktaba. Tahariri za Uhuru za kuanzia 1966 zipo katika majalada, hazina sahihi, na hazijawahi kulinganishwa kwa utaratibu na hotuba za Uwazi na Ukweli. Ulinganisho huo ungeweza kuanza na vitu vidogo vinavyohesabika: mgawo wa ni- na tu-, matumizi ya kauli ya kutendwa pale serikali inapokosea, na mahali ambapo pingamizi la msomaji hutajwa kabla ya kujibiwa.